Nilienda kuhudumia wazee, nikaishia kuoshwa mimi

Binamu yangu wa mtaa wa Ng'ambo pale Tabora kanitumia voisi ya dakika nne, vicheko vingi, lakini ukiichuja swali ni moja: "Dada ulituaga kanisani tukakuombea, ukasema unaenda kumtumikia Mungu Ujerumani, tukasikia umeumwa karibu ufe na bado hujarudi, we huko unapata nini? Maana Mungu hata hapa Isevya yupo." Najua hajatumwa na akili yake peke yake, kuna mashangazi nyuma hapo. Sa naandika mara moja, msomeane.

Ya hela tuimalize kwanza. Hamna. Mi ni volontia, nipo mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee karibu na Herrnhut, kile kimji cha Saxony ambako wakimbizi wa Moravia walipewa ardhi na kabaila mmoja, Zinzendorf, mwaka 1722, kwa hiyo sisi wa kanisa la Moravian huku ndo kama kwa babu. Napewa chumba, chakula, bima na hela ya mfukoni ambayo ukitoa bando na nauli inabaki ya mafuta ya kupaka. Shangazi wa simu, nisamehe.

Niliingia Septemba. Wiki ya tatu nikaanza kusikia baridi ile ya kwenye mifupa, kichwa kinagonga, daktari wa pale karibu akasema mafua, lala, kunywa chai. Simlaumu sana, malaria yeye kaisoma vitabuni. Wa kulaumiwa ni mimi, mtoto wa Tabora, mkoa ambao kila wakipima upo kwenye ile inayoongoza, naijua malaria kama sauti ya mama na bado nikanyamaza, niliona aibu, nikajua watasema huyu katuletea magonjwa ya kwao. Kumbe vimelea unaweza kupanda navyo ndege vimelala mwilini vikaja kuamka wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja, ukipata homa huku, usiulizwe, sema mwenyewe: nimetoka Tanzania, nipimeni malaria. Siku ya nne nikadondoka bafuni. Wakanikimbiza hospitali kubwa, damu ikapimwa, ikaonekana, na wanafunzi wa udaktari wakawa wanakuja kunichungulia mlangoni kama mamba wa Ugalla. Wakaanza na sindano za mshipa, nilipoweza kumeza nikapewa vidonge, nasoma boksi, mseto! Ileile tunayopewa zahanati. Nilicheka peke yangu mpaka dripu ikatikisika.

Ila kilichonibadilisha hata si malaria. Asubuhi ya pili, siwezi kukaa, wakaja manesi wawili kuniosha. Hawakunitukana, hawakuniumiza, kazi safi kabisa. Lakini walikuwa wanapiga stori zao juu ya kichwa changu, mmoja kashika mkono wangu ameuinua anafuta kwapa huku anamcheka mwenzie, na ule mkono ukabaki juu, stori haijaisha, nami nautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Hapo nikamkumbuka kibibi wangu wa chumba cha mwisho. Mimi nlikuwa navalisha wazee wanane kila asubuhi, sikio moja lina earphone naongea na nyie kwa Kiswahili, nanyi mnaniambia dada hongera kwa utumishi, na kibibi wa watu kanyoosha mguu anasubiri soksi. Mguu wake ulikuwa hivyohivyo. Umebaki juu.

Nililia jamani. Na hata kuomba nikashindwa, mimi ambaye pale nyumbani nikishika maiki kwenye mkesha hadi mzee wa kanisa anakohoa kunikumbusha muda. Nikianza naona hasira, namwambia Mungu niliacha kazi yangu ya duka kwa ajili yako, ndo malipo haya? Yaani nlikuwa namdai. Nilikuwa na daftari la madeni kama la mangi, na sikujua kama ninalo mpaka siku ile. Usiku ndo nikajikuta naomba kwa Kinyamwezi, ile lugha niliyokuwa namcheka bibi akiomba nayo, maneno matatu manne tu kwa sababu mengine siyajui, nikalala.

Kuhusu kanisa la huku, ni kweli, Jumapili tunaweza kuwa watu ishirini na wengi ni wazee, hamna kwaya nne zinazogombania ratiba. Nliwaona wamepoa. Niliporudi toka hospitali hakuna aliyekuja kunipa pole, nikasema si nilijua. Ila kila siku saa sita mchana nakuta kifuko kimening'inia kwenye kitasa cha mlango, ndani chupa ya supu ya moto na karatasi ina neno la siku, mstari wa Biblia. Wiki nzima. Hawabishi hodi, kwao kumwingilia mgonjwa bila miadi ni kukosa adabu. Kwetu mgonjwa anajaziwa watu chumbani mpaka anakosa hewa, na mi nlikuwa nataka hicho, nikapewa supu. Yale maneno ya siku ndo yaleyale anayosoma mama, yanachaguliwa kwa kura ya kubahatisha hukohuko Herrnhut na yanachapwa tangu 1731, kwa hiyo nikimpigia namwambia umesoma? Ananisomea tena kwa Kiswahili, hata kama nimeshayaona.

Upweke haujaisha, msidanganyike. Desemba saa kumi jioni giza, unakula ugali wa unga wa polenta ambao haushikani, unafunua matobolwa ya mama, vile viazi vitamu vikavu, unayanusa unarudisha kwenye mfuko ili yasiishe. Ilinitafuna kuliko homa. Pasaka ndo nilipumua, alfajiri tulienda makaburini na matarumbeta kama tunavyofanya Tabora, baridi kali, mawe ya makaburi yote yamelala chini yanafanana, tajiri na maskini, na ile tuni ilivyoanza nikaijua kabla ya maneno.

Earphone siku hizi naziacha chumbani. Ndo maana asubuhi zenu sipokei, sijavimba kichwa. Kibibi kasahau jina langu, kila siku ananiuliza natoka wapi, namwambia Tabora, anauliza kuna joto? Namwambia lipo. Dakika tano baadaye anauliza tena. Juzi nikiwa namvalisha kaniuliza mara ya nne halafu akanishika shavu akasema una baridi wewe, vaa vizuri.

Muda wangu unaisha Agosti, narudi. Mama kama umeshaanza kuanika matobolwa usiuze yote.