Peoni haitoi ua Raskazone, tatizo nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Kaka yangu yuko Uholanzi, mwaka juzi aliniletea mizizi mitatu ya peoni, yale maua makubwa ya nchi za baridi, zile za zamani zenye harufu, moja inaitwa Sarah Bernhardt, zingine mbili Festiva Maxima. Nimezipanda nyumbani Raskazone, hapa Tanga, mwaka wa kwanza yalitoka majani yakakauka, mwaka huu yametoka membamba zaidi na ua sijaona hata moja. Nimeona kwenye video mtu anazimwagia barafu kwenye shina, nifanye hivo? Halafu pembeni yake pana mwasumini wa marehemu bibi nao majani tele maua hakuna, sijui udongo ndo mbovu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Udongo hauna kosa kubwa hapo, na wala sio mkono wako.

Nianze na peoni. Huo mmea kwao unalala majira ya baridi, majani yote yanakufa, chini linabaki lile zizi nene kama muhogo mdogo lenye macho mekundu, yaani pale panapochipukia, na yale macho hayaamki vizuri mpaka yapigwe na baridi wiki nyingi mfululizo. Wakulima wake wanahesabu masaa ya baridi chini ya nyuzi 7 hivi, na aina nyingi za zamani zinataka masaa 500 mpaka 1,000. Sasa sisi Tanga usiku wa baridi kabisa, Julai, watu wanajifunika shuka mbili, bado tupo kwenye nyuzi 20. Kwahiyo zizi lako halijalala hata siku moja tangu lifike, linatoa majani kwa kula wanga wake lenyewe, ndo maana kila mwaka yanazidi kuwa membamba, ile ni akiba inaisha.

Barafu achana nayo. Ukimwaga ndoo nzima asubuhi, adhuhuri udongo ushapata joto lake lile lile, umebaki na tope tu, na peoni ikikaa kwenye tope zizi linaoza. Kitu pekee chenye mantiki ni friji: majani yakishakauka unachimba zizi, unalikung'uta udongo, unalifunga kwenye makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yenye unyevu kidogo sana, unaliweka kwenye friji ya kawaida (sio friza, likiganda limekufa) wiki 10 mpaka 12, mbali na matunda maana ndizi na maembe yanayoiva yanatoa hewa inayoharibu macho. Ukishalitoa panda kwenye chungu, macho yafukiwe vidole viwili tu, ukizamisha sana hata kwao Ulaya halitoi ua. Hapo unaweza ukapata ua moja, na pia joto la usiku la huku linaweza likakausha tumba kabla halijafunguka, na itabidi urudie kila mwaka. Mimi nakwambia ukweli ili usiendelee kumtumia kaka yako pesa, na hata Lushoto ambako mapeasi yanazaa sikushauri, kule kuna ubaridi mzuri wa mtu kulala lakini sio baridi ya kuilaza peoni.

Naelewa kwanini umeipenda lakini. Festiva Maxima ni ya mwaka 1851, Sarah Bernhardt ya 1906, zote za Ufaransa, na peoni ikipata pahala pake inakaa miaka 50 na zaidi, bibi anapanda mjukuu anachuma. Ila mwanangu, we hiyo unayo tayari pembeni hapo, ni huo mwasumini, na huo ndo unaoniuma mimi.

Mwasumini unatoa maua kwenye ncha ya tawi jipya, tawi kuukuu linabaki kushika majani tu. Bila shaka tangu bibi afariki hakuna aliyeukata. Bibi zetu walikuwa wanaukata bila hata kujua kanuni, kila siku wanachuma, kila wakichuma wanakata na kijincha, mti unachipua tena. Kwahiyo chukua mkasi mkali wa bustani, kata wote ubaki usawa wa goti, fanya hivo mvua zikikaribia, mwanzo wa masika au vuli, usiogope utaona kama umeuua. Weka samadi iliyooza debe moja kuzunguka shina, na kama ulikuwa unaweka urea acha kabisa, urea ndo inaleta hayo majani. Uangalie na kivuli, unataka jua masaa 6 kwa siku, kama mwembe umeufunika punguza matawi ya mwembe. Majani yakiwa ya njano huku mishipa yake ni ya kijani basi ni lile tumbawe la huku kwetu pwani linauzuia kula madini ya chuma, ziko dawa za madini ya chuma za kupulizia majani kwenye maduka ya pembejeo, na ncha za majani zikiungua mara nyingi ni maji ya kisima yenye chumvi, mwagilia ya bomba au ya mvua.

Machipukizi yakitoka na matumba yakaanza, usisubiri ua lifunguke ndo uchume. Nenda alasiri, tumba lililo tayari limevimba na limekuwa jeupe pe, lenye ukijani kwenye ncha liache la kesho, kwenye kishada lile la katikati ndo linatangulia. Yaweke kwenye sahani na kitambaa kibichi juu, magharibi yanafunguka yenyewe na nyumba nzima inajua, hapo ndo unafunga kikuba chako, kile kishada cha kujinukiza, na mrehani na kipande cha mkadi.

Na vijiti utakavyokata usivitupe. Chagua vya unene wa kalamu, urefu wa shubiri moja, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga kivulini, ndani ya mwezi hivi vinaanza mizizi. Ua likitoka lina petali nyingi zimejikunja kama kiwaridi kidogo niletee vijiti viwili kitaluni, ile asumini nzito siku hizi naitafuta sana.