Mgonjwa wa kiharusi asipoweza kusema tumbo linamuuma

Kiharusi kilimwachia mama neno moja tu: "sasa." Njaa ilikuwa "sasa", haja ndogo "sasa", hata kufurahi "sasa". Wiki ya tano, mkono wake wa kulia ambao vidole vilishaanza kukunjika ukalegea tena, akawa mtu wa kusinzia mchana kutwa. Tulimkimbiza hospitali tukiamini kiharusi kimerudi. Kumbe ni tumbo.

(Nawe mkimbize. Udhaifu wa ghafla si wa kukisia nyumbani. Maambukizi yanaweza kuamsha udhaifu wa zamani, lakini anayejua ni daktari baada ya kupima.)

Dalili nilikuwa nazo mbele ya macho. Siku mbili nzima alikuwa akikunja goti la kushoto, upande wenye nguvu, akilivuta kuelekea tumboni huku akilifinyanga shuka. Nikadhani ni baridi, nikamfunika. Baadaye ndipo akaanza kuharisha majimaji, mara sita kwa siku.

Alikuwa ametoka kumaliza antibiotiki za nimonia, ugonjwa unaowaandama sana wasiomeza vizuri. Dawa hizo huua pia bakteria wema wa utumbo, na hapo bakteria aitwaye Clostridioides difficile hupata mwanya wa kuzaliana na kumwaga sumu. Choo kilipopimwa akaonekana yeye. Mama akapewa vankomisini, antibiotiki nyingine inayomlenga bakteria huyo, ya kupitisha mdomoni.

Mfukoni nilikuwa na vidonge vya kufunga choo. Nesi alinisihi nisimpe, maana sumu inaweza kubaki ndani na utumbo ukaumia zaidi. Tena kuna kuharisha kunakotokana na choo kigumu kilichoziba, majimaji yakipenya pembeni. Kwa hiyo usifunge kitu usichokijua.

Jambo lililonikera nafsi ni mikono yangu. Nilikuwa nikipaka kitakasa mikono chenye spiriti kila baada ya kumbadilisha nepi, na mbegu za bakteria huyu hazifi kwa spiriti. Zinataka sabuni na maji yanayotiririka. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti nayo, kama mgonjwa anakunywa vitu vizito tu, uliza namna ya kuyafanya mazito kabla hajapaliwa.

Siku ya nne ya dawa alilivuta shuka tena. Nikamgusa tumbo, lilikuwa laini, uso haukukunjamana. "Sasa," akasema. Safari hii kweli alikuwa anasikia baridi.