Daraja la Tanzanite jioni: kabla ya kununua lenzi, jua linazama upande gani

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukipiga picha Daraja la Tanzanite hapa Dar es Salaam jioni anga linatoka jeupe na daraja jeusi tii, na kama lenzi mpya itakutoa hapo. Lenzi subiri kwanza. Mimi hupiga picha kwa mapenzi tu, riziki yangu iko kwingine, lakini nakaa Upanga na daraja hili nimelifuatilia tangu lilipokuwa nguzo zinachomoza majini. Kwa nilivyoona, picha ya pale huamuliwa na kalenda na maji kuliko kamera.

Anza na ramani. Daraja lina urefu wa kilomita 1.03, linatoka upande wa Aga Khan na kupita baharini hadi Oysterbay, likielekea kaskazini na kupinda kidogo magharibi. Ukitoka mjini, kulia kwako ni bahari kuu. Kushoto ni ile hori inayopokea maji ya Mto Msimbazi, na ng'ambo yake daraja la zamani la Salender. Jua linazama kushoto huko. Kwa hiyo ukisimama upande wa bahari unalitazama daraja jua likiwa nyuma yake, na ukisimama upande wa Salender jua liko mgongoni kwako na daraja linapigwa na mwanga usoni. Hizo ni picha mbili tofauti kabisa, na mipangilio ya moja haifai kwa nyingine.

Halafu jua lenyewe halizami mahali pamoja mwaka mzima. Juni linazama kaskazini ya magharibi kwa nyuzi kama 23, Desemba linahamia kusini ya magharibi kwa kiasi hicho hicho. Ukisimama kwenye ukuta wa bahari kandokando ya Barabara ya Barack Obama ukatazama daraja mwezi Juni au Julai, jua linashuka nyuma yake hasa, nyaya na nguzo zinachorwa juu ya duara jekundu. Nenda pale pale Desemba, utalikuta jua limeangukia nyuma ya majengo ya Upanga, nje ya fremu kabisa. Msimu huo vuka uende Oysterbay, tafuta mahali ufukweni unapoliona daraja likirudi mjini. Kwa lenzi pana jua na daraja vinaingia pamoja. Watu wengi wanalalamikia kamera zao wakati tatizo ni kwamba wamefika mwezi usio wa pale waliposimama.

Saa nayo inahama, ingawa si sana. Mwishoni mwa Mei jua linazama yapata saa 12:10 jioni, na Februari linakaribia saa 12:50. Ukishajua hilo, fika saa nzima kabla. Huku kwetu karibu na ikweta jua linashuka wima: likishagusa upeo, duara zima linamezwa kwa dakika mbili na kidogo, na mwanga wa maana unabaki kama dakika 20 hivi. Wenzetu wa Ulaya wanaofundisha kwenye video za mtandaoni wana muda wa kutembea na kubadilisha mahali huku anga bado lina rangi. Sisi hatuna. Stendi ya kamera iwe imesimama, fremu imeshachaguliwa, adhana ya Magharibi ikikukuta unafanya kazi, si unatafuta pa kukaa.

Sasa maji, jambo ambalo naona halisemwi kabisa watu wakijadili kamera. Pwani yetu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kwa Dar es Salaam siku hizo hujaa kwenye saa 10 au 11 jioni. Maana yake ni kwamba siku za karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, jua likizama maji yanaanza kutoka lakini bado yapo, daraja lina kivuli chake chini na rangi ya anga inajirudia majini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni kinyume: maji huwa yamekupwa jioni, na upande wa hori unaona tope, mizizi ya mikoko na takataka zilizoletwa na mto. Sisemi tope halina uzuri wake. Likiwa na unyevunyevu linashika mwanga vizuri, hasa ukiinama chini. Lakini kama unataka daraja juu ya maji, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa, au muulize mvuvi yeyote, kabla hujapanda bodaboda.

Tuje kwenye weupe na weusi wako. Kamera ikiachwa yenyewe inatafuta wastani, na hakuna wastani kati ya jua na zege lililo kivulini. Lazima uamue unampa nani mwanga. Ukiwa upande wa bahari, mpe anga: pima mwanga pembeni mwa jua, si kwenye jua, kisha punguza mwanga hatua moja au moja na nusu (kila hatua hupunguza mwanga nusu). Daraja litakuwa jeusi, na liache liwe jeusi, kwa sababu umbo lake la nyaya ndilo unalolitaka. Weusi unakuwa kasoro pale tu nguzo zinapoingiliana na majengo ya nyuma yake hadi huzitofautishi. Sogea hatua chache mpaka kila nguzo ipate anga lake. Kwa simu, gusa skrini penye anga angavu, shikilia mpaka ijifunge, kisha teleza kidole chini mpaka rangi irudi. Rangi ya mwanga usiiachie kamera ichague, itakuondolea dhahabu yote ikidhani inakusaidia. Kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga (white balance) weka alama ya jua. Kama kamera yako inapiga RAW, yaani faili ghafi ambalo halijachakatwa na kamera, piga RAW. Na ukiwa na lenzi ndefu, ile ya kuvuta mbali, kwenye kamera yenye kioo ndani (DSLR), usilichungulie jua kabla halijapoa kabisa. Macho hayauzwi dukani.

Ila ukiniuliza mimi picha ninayoipenda, inakuja baada ya watu kufunga mabegi. Jua likishazama, subiri kama dakika kumi na tano. Anga linakuwa bluu nzito, taa za daraja zinawaka, na kwa muda mfupi mwanga wa juu na wa chini unalingana, kwa hiyo ule ugomvi wa weupe na weusi unaisha wenyewe. Hapo weka tundu la lenzi f/8 hadi f/11, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, picha ikae wazi sekunde 8 au 10, na magari yanayorudi Masaki yanakuwa mistari. Zima kitulizi cha lenzi (kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono) kamera ikiwa kwenye stendi, tumia kipima saa cha sekunde mbili ili kidole kisitikise. Kipindi cha kusi upepo wa pale ni mkali. Shusha stendi, ning'iniza begi katikati yake, na futa kioo cha lenzi mara kwa mara kwa sababu chumvi inatua bila kuonekana.

Na kuna jioni moja kila mwezi ambayo nakusihi uijaribu: siku moja kabla ya mwezi mpevu, ukiwa upande wa Salender. Mwezi unakuwa umeshachomoza baharini nyuma ya daraja wakati jua bado linaliangazia kutoka mgongoni kwako, na kwa kuwa ni majira ya bamvua, hori ina maji. Siku yenyewe ya mwezi mpevu mara nyingi mwezi unachelewa, anga limeshakuwa jeusi na unapata doa jeupe tu. Mwezi mpevu wa Juni huchomoza kusini ya mashariki, wa Desemba kaskazini ya mashariki, yaani kinyume cha jua, kwa hiyo sehemu ya daraja unayoilenga inabadilika.

Usisimamishe gari wala pikipiki juu ya daraja. Kwa miguu ipo njia ya pembeni, na askari akikuambia sogea, sogea. Usielekeze lenzi upande wa Ikulu. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, usiirushe kienyeji. Nenda na mwenzio, na ukimaliza usikae gizani ukikagua picha.

Lenzi sasa. Kama hela ipo, nunua stendi nzito kwanza. Ikibaki, tafuta lenzi ya milimita 70-200 iliyotumika, hata ile ya f/4, maana kwa mbali inazikusanya nguzo na nyaya zikajaa fremu. Hiyo uliyonayo ya 18-55 inatosha kwa Oysterbay Desemba na kwa bluu ya baada ya jua. Ukipata picha iweke hapa pamoja na tarehe na mahali uliposimama, niangalie fremu na wewe.