Kunyoosha uzi wa kimiminika kwenye kompyuta: anza na mteremko unaoujua

Udenda huning'inia kama uzi mrefu. Maji hukatika papo hapo. Kinachoushikilia udenda ni molekuli ndefu ndani yake, ambazo zikinyooshwa huvuta kurudi. Kuiga tabia hiyo kwa hesabu ni kazi ninayoipenda sana, na wanaoianza nawasihi jambo moja: msikimbilie umbo zima, yaani kimiminika kinachonyooshwa kati ya sahani mbili zinazoachana, na gridi kubwa ya vijisehemu (seli) vya kukokotolea. Andika kwanza programu fupi ya upande mmoja tu (1D, inayofuata urefu wa uzi peke yake), kila kipande cha uzi ukikichukulia kama silinda nyembamba, kwa sababu hapo jibu unaweza kulipata kwa kalamu.

Chukua modeli ya Oldroyd-B, ambayo huzichukulia hizo molekuli ndefu, yaani polima, kama springi zinazoweza kunyooka bila kikomo. Uzi ukinyooka kwa kasi ε (sehemu ya urefu wake inayoongezeka kila sekunde), nusukipenyo chake hupungua kwa kiwango cha ε/2. Mnyooko wa polima hukua kwa kiwango cha 2ε − 1/λ, λ ikiwa muda wa polima kulegea. Mvutano wa uso unaubana uzi, na jinsi uzi unavyokonda ndivyo mbano unavyozidi. Mkazo wa polima, yaani nguvu yao ya kuvuta kurudi, lazima uende nao sambamba. Basi 2ε − 1/λ = ε/2, yaani ε = 2/(3λ). Nusukipenyo kinapungua kwa kiwango cha 1/(3λ). Ikiwa λ ni sekunde 0.1, kinabaki nusu kila baada ya sekunde 0.21 hivi.

Chora logarithimu ya nusukipenyo dhidi ya muda. Usipopata mstari ulionyooka wenye mteremko wa −1/(3λ), usiongeze kitu kingine chochote kwenye programu. Mimi hurudia kipimo hiki kila ninapogusa sehemu inayokokotoa mkazo, hata nikibadilisha mstari mmoja.

Ukihamia pande mbili (2D), shida huanzia pale uzi unapoungana na tone la kimiminika lililo mwishoni mwake, maana mkazo hupanda ghafla ndani ya seli chache. Tensa ya mnyooko (jedwali la namba linaloeleza polima zimenyooka kiasi gani na kuelekea wapi) haitakiwi kamwe kuwa na thamani aigeni hasi, yaani kiasi hasi cha mnyooko katika mwelekeo wake wowote mkuu, lakini makosa madogo ya gridi huisukuma huko na hesabu nzima hulipuka. Mwaka 2004 Fattal na Kupferman walipendekeza kukokotoa logarithimu ya tensa hiyo badala ya tensa yenyewe. Ukiirudisha, thamani zote hutoka chanya. Itumie tangu mwanzo. Kuipachika baadaye ni sawa na kuandika upya.

Sahani nazo zina lake. Kimiminika kimeshikana nazo, kwa hiyo kama uzi ni mfupi kuliko upana wake, katikati hukonda mwanzoni kwa kiwango kinachokaribia 3/4 ya kasi ya kunyoosha, si nusu. Hilo ni sahihi, usilisahihishe.

Na kama unatafuta wakati wa kukatika, iache Oldroyd-B: polima zake hunyooka bila kikomo, uzi haukatiki. Tumia modeli ya FENE-P, ambamo polima zina urefu wa mwisho. Zikifika hapo, nusukipenyo huanza kupungua kwa mstari ulionyooka dhidi ya muda hadi sifuri, na hatua zako za muda zinapaswa kufupishwa kabla ya hapo.