Maswali yenu: Mungu yupo, hayupo, au yupo ila katulia zake?

Meseji zimejaa na karibu zote ni za ishu moja, nadhani ni hizi mvua za Arusha, watu wakikosa pa kwenda wanakaa ndani wanabishana. Nimechagua chache. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyatoa, na matusi pia nimeyatoa, mlioandika mnajijua.

Shikamoo kaka. Mdogo wangu anasoma chuo hapa Moshi, kaacha kabisa kwenda ibada. Anasema Muumba anamkubali ila maombi, miujiza na maandiko hapana. Mama analia kila siku anasema mtoto kawa mkana Mungu. Ni kweli? (Dada wa Pasua)

Marahaba dada. Si kweli, mwambie mama apumue. Mkana Mungu ni yule anayesema hakuna Mungu, au hana sababu yoyote ya kuamini kwamba yupo. Mdogo wako ni mdeisti. Hao wanakubali kuna aliyeuanzisha huu ulimwengu akaupa kanuni zake, lakini baada ya hapo haingilii, hajibu maombi, hatumi mtume wala kitabu. Na wala si mambo ya vijana wa siku hizi na simu zao, Ulaya ya karne ya 17 na 18 walikuwepo wengi tu, mwandishi Voltaire wa Ufaransa alikuwa huko huko, na Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alichukua kisu akazikata Injili vipande, mafundisho ya Yesu akayabandika kwenye kitabu chake, miujiza na ufufuo akaviacha nje. Alikuwa mzee wa heshima zake anafanya hivyo, si mvuta bangi.

Halafu kuna agnostiki, huyu anasema hajui na pengine haiwezekani kujua. Jina hilo alilitunga Thomas Huxley, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1869, wenzake wote walikuwa na majina ya misimamo yao, yeye hana.

Sasa mimi naona mdeisti ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye huu ubishi, na ndiye anayesahaulika kila siku. Watu wanabishana utadhani ziko pande mbili tu. Soma jibu linalofuata utaona kwa nini nasema hivyo.

Naongoza wageni mlimani Kilimanjaro, njia ya Marangu. Juzi pale kambi ya Horombo baada ya chakula cha usiku mgeni mmoja mzee, daktari mstaafu, kaniuliza kama naamini Mungu. Nikamwambia ndiyo, kila kitu kina aliyekitengeneza, na ulimwengu lazima uwe na wake. Akaniuliza "na Mungu katengenezwa na nani?" Wapagazi wakacheka, nikakosa cha kusema. Ningejibuje?

Kaka hapo uliingia cha kike. Ukishasema kila kitu kina aliyekitengeneza basi na Mungu umemweka humo humo, mzee wa watu kamalizia tu hesabu uliyoianza mwenyewe.

Wenye hoja yao hawaisemi hivyo. Imam al-Ghazali, ambaye mwaka 1095 aliandika kitabu kizima cha kuwabana wanafalsafa, aliiweka hivi: kila kilichoanza kuwepo kina kilichokifanya kiwepo, ulimwengu ulianza kuwepo, kwa hiyo upo uliousababisha. Mungu hakuanza kuwepo, so swali la nani kamtengeneza halimgusi. Hiyo ni hoja safi na ungeweza kuisema pale mezani hata chai haijapoa.

Ila usidhani daktari angenyamaza. Angekuuliza umejuaje kwamba ulimwengu ulianza, na kama unakubali kuna kitu kisicho na mwanzo, kwa nini kisiwe ulimwengu wenyewe tukaishia hapo? Mwanafalsafa David Hume wa Scotland ana swali hilo kwenye kitabu chake kilichotoka 1779, yeye akiwa ameshakufa. Na msidhani ni Wazungu tu, Ibn Rushd, Mwislamu na kadhi, alimjibu al-Ghazali kitabu kwa kitabu.

Hapo ndo watu wengi wanakimbilia Mlipuko Mkuu (Big Bang), kwamba sayansi imethibitisha mwanzo wa ulimwengu miaka bilioni 13.8 iliyopita na hivyo imethibitisha Mungu. Taratibu. Mmoja wa walioleta hilo wazo ni padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliandika 1927 kwamba ulimwengu unatanuka na 1931 akaongeza kwamba ulianza kwenye kitu kidogo mno. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 akaisifia hiyo sayansi kama inayomshuhudia Muumba, na aliyekosa raha ni Lemaître mwenyewe, hakutaka hesabu zake zifanywe mahubiri. Alijua vipimo vinaweza kubadilika kesho, sasa imani uliyoiegemeza juu yake utaipeleka wapi?

Lakini haya, tuseme daktari kakubali yote, umemshinda mbele ya wapagazi. Umemfikisha wapi? Umemfikisha kwa mdogo wake yule dada wa Pasua! Kuna kisababishi cha kwanza, basi. Hujamwonyesha kwamba hicho kisababishi kinasikia mtu akiomba, au kinajali nani kala nguruwe na nani amezini. Antony Flew, mwanafalsafa wa Uingereza aliyepinga uwepo wa Mungu miaka na miaka, mwaka 2004 akatangaza kwamba sasa anaona kuna akili nyuma ya ulimwengu. Wakristo wengi wakashangilia, kumbe mzee kaishia kwenye udeisti, hata maisha baada ya kifo hakuyakubali. Ndo maana nasema mtu akianza na nyota na galaksi halafu akaruka moja kwa moja kwenye zaka na futari, kuna hatua kama tano kazificha mfukoni.

Kutoka kwa kisababishi mpaka kwa Baba wa mbinguni au kwa Mwenyezi Mungu wa Qur'ani unahitaji vitu vingine, ushahidi wa mitume, historia, mambo ambayo watu wamekutana nayo kwenye sala. Na hayo yana mjadala wake tofauti kabisa.

Kuna jamaa wa kijiwe cha kahawa Kaloleni hapa Arusha anasema kitu usichokiona hakipo. Nimjibu nini?

Mwambie ageukie upande wa Moshi siku isiyo na mawingu. Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro una kitu cheupe kileleni, akamuuliza kiongozi wa msafara wake kile ni nini, akaambiwa ni "baridi" tu. Akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na mstari wa ikweta. Huko London msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akambishia kwelikweli, theluji gani ikweta, huyo macho yamemdanganya. Wachaga wakati huo wanaitazama kila asubuhi wakitoka kukata majani ya ng'ombe.

Ila usishangilie haraka, huu mfano unakata huku na huku. Ule ubishi uliisha kwa sababu mlima unapandika, Baron von der Decken, msafiri wa Kijerumani, alikuja 1861 akarudi tena 1862, akapanda kiasi chake na kurudi na vipimo. Huyo jamaa wa kahawa atakuuliza, sawa, njia ya kumpanda Mungu iko wapi na mimi nikapime? Hilo ni swali la haki. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alisema mtu akidai kuna birika la chai linazunguka jua, dogo mno hata darubini hailioni, kazi ya kuthibitisha ni ya kwake, si ya anayebisha. Mimi naona anayedai ndiye anadaiwa, na hiyo inamhusu pia anayesema kwa uhakika kabisa kwamba hakuna kitu.

Naitwa mama, niko Sakina. Desemba 2023 ndugu wa mume wangu walikufa Katesh kwenye yale matope ya Hanang. Msibani mhubiri mmoja akasema ni dhambi za watu wa pale. Tangu siku hiyo nikiomba nahisi naongea na ukuta. Kama Mungu yupo mbona aliacha?

Pole sana mama.

Kwanza huyo mhubiri. Kwenye Luka 13 Yesu anaongelea watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, anauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe, sivyo. Kwa hiyo kapingana na kitabu alichokuwa amekishika mkononi.

Mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya mlima ikameguka, matope, mawe na magogo yakashuka kwenye nyumba za watu, zaidi ya 80 wakafa. Hayo ndiyo tunayajua. Swali lako lina miaka zaidi ya elfu mbili, linapachikwa kwa Epikuro wa Ugiriki: Mungu anataka kuzuia mabaya na hawezi, au anaweza na hataki? Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliipiga Lisbon watu wakiwa misani, makanisa yakawaangukia. Voltaire, ambaye Mungu alimkubali, alikasirika mno na wale waliokuwa wakifundisha kwamba kila kitu kiko sawa jinsi kilivyo.

Asiyeamini atakwambia hakuna wa kuulizwa, mlima hauna nia. Mdeisti atasema kanuni za ulimwengu zinaenda zenyewe, ambayo ni jibu lakini sijui kama ni faraja. Waamini wengi wanakimbilia hiari ya binadamu, na hiyo inaeleza mwizi na muuaji, haielezi tope. Qur'ani, sura ya pili aya ya 155, inasema watu watajaribiwa kwa hofu, njaa na kupotelewa na mali na watu, na inawabashiria wanaosubiri, lakini haimwambii mfiwa kwa nini ni nyumba yake na si ya jirani. Ayubu naye aliuliza sura baada ya sura, Mungu alipojibu hakutoa sababu, ila waliosemwa kwamba hawakunena vema ni wale marafiki waliokuja kumfafanulia. Aliyelalamika ndiye aliyepona.

Mimi sina jibu zuri kuliko hayo, na hili ndilo naliona zito kuliko hoja zote za wasioamini zikijumlishwa. Kuhusu ukuta, Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inaishia gizani, haina mstari wa furaha mwishoni, na bado wakaiweka kwenye kitabu cha sala. Endelea kumlalamikia kama unaweza. Na kama huwezi kwa sasa, usilazimishwe na mtu.

Bro, bora niamini tu. Akiwepo nimepona, asipokuwepo sijapoteza kitu. Niko sahihi? (Bodaboda, Kwa Mrombo)

Mwanangu, hiyo ni hoja ya Blaise Pascal, Mfaransa, iko kwenye maandishi yake yaliyochapwa 1670. Shida ni kwamba huu mkeka una timu zaidi ya mbili. Unaamini yupi, kwa dini ipi? Na Mungu anayejua moyo ataona umembetia tu. Pascal mwenyewe alikuwa anamsukuma mtu aliyekwama aanze kuishi kama mwamini mpaka moyo ufuate, si kama wewe unayetafuta bima ya bei nafuu.

Wazee wetu kabla ya wamisionari hawakuwa wadeisti kweli? Naambiwa waliamini Mungu yuko mbali hajishughulishi.

Hilo limeandikwa sana na wageni na mimi silikubali. Wamasai wanamwomba Engai asubuhi na jioni, mama akikamua ng'ombe anarusha maziwa kidogo juu kwa ajili yake, na wanamjua kwa hali mbili, mweusi wa mvua na neema, na mwekundu wa hasira. Mlima wake, Ol Doinyo Lengai, unatema lava mpaka leo. Mungu wa hivyo utasema hajishughulishi? Wachaga walikuwa na Ruwa, na ni kweli sadaka nyingi ziliwaendea mizimu ya ukoo, lakini mambo yakizidi walimtazama Ruwa. Kupeleka shida kwa babu kwanza ni adabu ya kwetu, hata leo kwa baba unapitia kwa mjomba.

Wewe mwenyewe uko upande gani? Mbona unawatetea wote?

Naamini. Mlutheri, ibada ya kwanza, naimba sauti ya tatu. Hoja hazikunileta huko, na nikiona hoja mbovu ya upande wangu inaniudhi kuliko nzuri ya upande wa pili.

Mchumba wangu haamini kabisa, ila ni mtu mwema, hanywi, ananiheshimu. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho. Tunaweza kuoana? Baba hajui.

Wema hauhitaji cheti cha ubatizo, hilo umeshaliona mwenyewe. Kisheria inawezekana, Katiba ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, mnatoa taarifa siku 21 kabla, mnaenda bomani na mashahidi wenu. Kama unataka ya kanisani, ikiwa hajabatizwa kuna kibali kinachoombwa, na ikiwa alibatizwa akaacha ni utaratibu mwingine, kwa hiyo mwone paroko mapema kabla hamjalipia ukumbi. Mkubaliane sasa hivi watoto watabatizwa au hapana, msije mkaanza kubishana leba. Na baba mwambie wewe kwa mdomo wako kabla ya kikao cha mahari, asije akalisikia kwa shangazi mbege ikiwa imeshapanda kichwani.