Kosa la "run-on" halihusu urefu wa sentensi

Mkuu, umesema msimamizi wako amekurudishia sura ya pili ya tasnifu ikiwa na neno "run-on" pembeni karibu kila ukurasa, umekatakata sentensi zote ndefu na bado hajaridhika. Nakuelewa kabisa. Mwaka wa kwanza chuoni insha yangu ilirudi na duara jekundu kwenye sentensi fupi kuliko zote: "The bus was late, I missed the test." Maneno manane tu. Nilikaa nayo jioni nzima nikiamini aliyesahihisha amekosea.

Hakukosea. Sentensi ya maneno 60 inaweza kuwa safi, na "He called, I answered" ikawa na kosa. Kinachohesabiwa ni vishazi huru, yaani vipande vyenye kiima na kitenzi ambavyo kila kimoja kinaweza kusimama peke yake kama sentensi. Kwenye Kiingereza cha kitaaluma, vishazi huru viwili havishikanishwi kwa mkato peke yake, wala haviachwi vigusane bila alama yoyote.

Kwa nini sisi tunanaswa sana hapa? Nionavyo mimi, ni kwa sababu ya Kiswahili chetu. Tazama: "Nilifika stendi, nikakuta basi limeondoka, nikarudi nyumbani." Imenyooka, maana ile -ka- inafanya kazi ya kiunganishi humo humo ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina -ka-. Ukiandika "I reached the stand, I found the bus had left, I went back home", kiunganishi umekiacha kwenye Kiswahili na mikato imebaki na mzigo isioweza kuubeba. Halafu "nilifika" kwetu ni neno moja, kiima kimo ndani yake. Ndiyo maana jicho letu halishtuki likiona "I reached" kwamba hapo pameanza sentensi nyingine.

Kipimo ninachotumia mpaka leo ni zile "question tags" tulizokariri sekondari. "The bus was late, wasn't it?" "I missed the test, didn't I?" Kila upande umekubali mkia wake, kwa hiyo ni vishazi huru viwili, na sasa angalia kuna nini katikati yao. Jaribu na "Because the bus was late, I missed the test." Mkia unaokaa ni "didn't I" peke yake. Hiyo iko salama.

Kurekebisha kunategemea unataka kusema nini. Nukta ni rahisi, ila ukiiweka kila mahali aya inasomeka kwa kwikwi, na nahisi ndicho kilichokupata ulipokatakata. Kwenye mfano wangu kuna sababu na matokeo, basi sema hivyo: "The bus was late, so I missed the test." Viunganishi vinavyoruhusiwa kukaa hapo baada ya mkato ni saba: for, and, nor, but, or, yet, so. Nukta mkato iwekee mawazo mawili yanayoegemeana kwa karibu.

Sasa hapa ndipo tasnifu nyingi nilizowasomea wenzangu zinapoumia: "however", "therefore" na "then". Tunavichukulia kama viunganishi, kumbe ni vielezi. "The sample was small, however, the results were clear" ni kosa lile lile, limejificha tu nyuma ya neno zito. Andika "The sample was small; however, the results were clear", au anza na "Although" na uiondoe "however". Fungua faili lako, tafuta kila "however" na kila "therefore", usome kilicho kushoto na kulia kwake. Naamini nusu ya zile alama za pembeni utazikuta hapo.

Ikiwezekana bandika hapa aya moja, ile yenye alama nyingi zaidi, tuipitie sentensi kwa sentensi.