Mtoto wa miaka mitatu haongei: anza na masikio

Mleta mada, pole dada yangu. Umesema binti yako ana miaka 3 na miezi 4, maneno yake hayazidi kumi, mama mkwe anasema ataongea tu maana hata baba yake alichelewa, na jirani keshatangaza ni usonji (autism), hali inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na wenzake. Nilipita hapo hapo na kijana wangu, Bukoba, mwaka 2019.

Usisubiri. Wa miaka miwili kwa kawaida anaunganisha maneno mawili: "mama maji", "baba kaja". Akifika mitatu, hata mgeni anaelewa sehemu kubwa ya anachosema. Kwa umri wake, kumi ni machache mno.

Wangu hospitali ya kwanza walimtazama dakika kumi. Aliitwa hakugeuka, wakasema usonji. Nililia njia nzima. Miezi minne baadaye daktari wa masikio akakuta maji nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili! Nami nilikuwa naapa kuwa anasikia, kwa sababu mlango ukibamizwa anashtuka. Mshindo alikuwa anausikia. Maneno ndiyo yaliyokuwa yanampita. Kwa hiyo omba apimwe usikivu kwa mashine. Kupigiwa makofi kisogoni hakutoshi.

Jingine: kwetu ni Kihaya, kijana wangu akaulizwa kwa Kiswahili, tena kwa picha ya farasi ambaye hajawahi kumwona. Hilo linaniuma mpaka leo. Malawi walitengeneza kipimo chao cha ukuaji, wakakijaribu kwa watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini na kukichapisha 2010, kwa sababu vipimo vya nchi za Magharibi vilikuwa vinauliza vitu ambavyo watoto wao hawavijui. Kama mnaongea lugha mbili nyumbani, hesabu maneno ya zote mbili, na mwambie mpimaji. Mrekodi pia kwa simu akicheza, akila, akiomba kitu, kwa sababu kwenye chumba kigeni atajikunyata tu.

Masikio yakiwa mazima, endelea na uchunguzi. Ikiwa ni usonji kweli, mapema ndiyo nafuu yake, na si aibu ya mtu.

Nijibu mawili: kuna maneno aliyokuwa nayo akayaacha? Na akiona ndege angani, anakuonyesha kwa kidole ili nawe utazame? Kama kuna aliyoyaacha, nenda wiki hii hii.